Nilivyojificha nyuma ya kibanda cha ng'ombe kwenye kongamano la historia ya Zama za Kati, Eldoret

Wakuu, nawasalimu kutoka Kitale. Wiki ijayo sijui nitakuwa wapi, kwa hivyo wacha niandike kabla sijahama tena.

Hii siyo stori ya kuambiwa. Miguu iliyokuwa pale ilikuwa yangu, ingawa viatu havikuwa vyangu. Mtaelewa mkifika chini.

Ilikuwa ile miaka ya chama kimoja, na hasa ile ya kupiga kura ya mlolongo. Kwa vijana ambao hamjui, unapanga foleni nyuma ya mtu unayemtaka, hadharani, jirani akikuona, bosi akikuona, baba mkwe akikuona. Halafu mnahesabiwa kama mbuzi mnadani.

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, alama zangu si mbaya, si nzuri. Nikapata kazi ya UT, yaani mwalimu asiye na cheti, katika shule moja ya harambee, iliyojengwa kwa michango ya wazazi, kule juu karibu na Timboroa. Baridi ya huko mnaijua. Chaki inashikwa na glavu.

Nilifundisha historia, Form One na Form Two. Kitabu kilikuwa kimoja, na nilikuwa nimeanza kukipenda kuliko wanafunzi walivyokipenda. Kulikuwa na sura nzima ya Zama za Kati. Wakulima wa Ulaya na mashamba yao ya vipande vipande, watawa, miji yenye kuta, misafara ya chumvi ikivuka Sahara. Nilikuwa nasoma hiyo sura jikoni kwa mama nikingoja viazi viive.

Sasa UT hana maisha marefu. Kila mhula unangoja kuambiwa kama utarudi. Njia ya kutoka ilikuwa moja, uingie chuo cha ualimu, na kuingia chuo ulihitaji barua ya hedimasta ya kukupendekeza.

Hedimasta wetu alikuwa Bwana Kosgei. Mtu mrefu, koti la kijivu mwaka mzima, na hakuwahi kupiga mtoto wala kumsifu mwalimu.

Hiyo barua yangu aliiandika. Nilimwona akiitia sahihi, akaiweka kwenye bahasha ya kaki, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Halafu akaniambia, "Kuna kongamano la historia Jumamosi, huko Eldoret. Wanataka kila shule ilete mwalimu wa historia. Twende wote. Tukimaliza nitakupa hii."

Nikasema sawa, mwalimu.

Akaangalia miguu yangu. "Hauendi kwa maprofesa na raba."

Kesho yake akaniletea viatu vyake. Vya kahawia, ngozi nzito, vimeshonwa na uzi mweupe pembeni, namba tisa. Mimi ni namba saba. Nikajaza gazeti mbele, nikafunga kamba mpaka damu ikakataa kupita.

Tulishuka na pickup ya jirani iliyokuwa inapeleka maziwa. Hedimasta mbele na dereva, mimi nyuma na mikebe.

Kongamano lilikuwa kwenye chuo kimoja cha kufundishia wakulima, nje ya mji, upande wa barabara ya Kaptagat. Sitakitaja, na majengo yenyewe nasikia yalibomolewa. Waliwapa wanahistoria ukumbi kwa sababu wakulima walikuwa wamefunga masomo.

Mlangoni walikuwa wametundika kitambaa kilichoandikwa jina la chama chao cha kusoma historia ya Zama za Kati. DO, yaani afisa wa serikali wa tarafa ile, alikuwa mgeni wa heshima, na alipofika alisimama akakisoma mara mbili.

"Chama gani hiki tena?"

Katibu, kijana mmoja mwenye miwani, akakimbia kuleta karatasi na gundi. Akafunika neno "chama" akaandika "kikundi". Ndipo mgeni akaingia.

Kulikuwa na wahadhiri kutoka chuo cha Chepkoilel, wengine kutoka Nairobi, walimu wa sekondari wa huku kwetu, na watu wachache wa mji wanaopenda historia tu. Mmoja wao aliketi karibu na mimi. Mzee Hirsi, Msomali, alikuwa na duka la vitambaa mjini na malori ya kwenda kaskazini. Alikuwa amelipa uanachama miaka mitatu na hakuna mtu aliyejua kwa nini. Nilimuuliza.

Akasema, "Mimi nasafirisha chumvi. Nataka kujua nani alisafirisha kabla yangu."

DO akafungua kwa hotuba ndefu kuhusu mmomonyoko wa udongo. Nadhani alibeba karatasi ya mkutano mwingine. Maprofesa wakapiga makofi kila aliposema matuta.

Tukaanza.

Wa kwanza kusoma paper, yaani makala yake, alikuwa Profesa Masika. Mtu mnene, mcheshi, sauti ya redio. Alikuwa amemfundisha hedimasta wangu zamani, na wawili hao walikuwa wameshikana mikono asubuhi kwa muda mrefu sana. Alizungumza kuhusu miji ya Italia, jinsi walivyochagua viongozi. Kila mtu anatumbukiza kitu kidogo kwenye mfuko, hakuna anayeona mkono wa mwenzake.

Ikaja nafasi ya maswali. Mzee Hirsi akasimama polepole.

"Profesa, mimi si msomi. Unasema miaka mia saba iliyopita, hao watu bila stima, bila gari, walikuwa wanachagua kwa siri?"

Watu wakaanza kutafuta kalamu zilizokuwa mikononi mwao.

Profesa akamtazama DO, DO akatazama dari.

"Hiyo ilikuwa Ulaya, Mzee," Profesa akasema. "Wana baridi kule."

Mzee Hirsi akaketi. Akaninong'onezea, "Hapa pia kuna baridi."

Wakuu, nilicheka mpaka gazeti kwenye kiatu likasogea.

Wa pili alikuwa Daktari Nyaboke. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele fupi, sweta la kijani, hana mbwembwe. Paper yake ilikuwa ya yale mashamba ya wakulima wa Ulaya. Alichora ubaoni vipande virefu vyembamba, kila familia na chake, na vyote vimepinda kidogo kama upinde. Akasema mpaka leo ukipanda juu ya kilima kule unaona michoro ya ile mikunjo ardhini, na wasomi wamebishana sana kwa nini imepinda.

Mimi nikainua mkono kabla akili haijakubali.

Nikasema, "Daktari, walikuwa wanalima na ng'ombe wangapi?"

Akasema hadi wanane kwa jembe moja.

Nikamwambia baba yangu alikuwa analima na ng'ombe wanne kule Timboroa, na kazi ngumu haikuwa kulima, ilikuwa kugeuza. Ukifika mwisho wa shamba huwezi kukata kona ghafla, wa nyuma watakanyaga wa mbele. Unaanza kuwavuta upande mmoja mapema, hatua ishirini kabla. Ukilima hivyo kila mwaka, mfereji unapinda wenyewe.

Alibaki ameshika chaki. Halafu akatabasamu.

"Hicho nimekisoma kwenye vitabu," akasema, "lakini sijawahi kumsikia mtu aliyekifanya. Unaitwa nani?"

"Ndirangu, daktari. Mwalimu Ndirangu."

Akaandika jina langu pembeni mwa paper yake. Kwa kalamu. Nililiona.

Siwezi kuwaeleza, wakuu. Nimezunguka nchi hii na mbili jirani, nimekula na matajiri, nimelala kwenye viroba vya saruji. Sijawahi kujisikia mrefu kama ile dakika. UT wa Timboroa, viatu vya kuazima, jina kwenye paper ya daktari.

Tea break tulienda nje. Chai ya maziwa kwenye birika kubwa, mkate uliopakwa Blue Band. Kando ya uwanja wa nyasi kulikuwa na kibanda cha kukamulia ng'ombe cha chuo. Ukuta wake, mbele na nyuma, ulikuwa wa mbao, na haukufika chini. Waliacha nafasi ya kama futi moja ili maji ya kuoshea sakafu yatoke. Kwa hivyo ukisimama kwenye nyasi unaona miguu tu, kama ng'ombe wanne wasio na vichwa. Mimi na katibu tuliichekelea pale.

Kumbukeni huo ukuta.

Baada ya chakula kulikuwa na uchaguzi. Kikundi kilikuwa kinachagua mwenyekiti mpya, na wagombea walikuwa wawili, Profesa Masika na Daktari Nyaboke. Sisi walimu tuliruhusiwa kupiga kura kwa sababu shule zilikuwa zimelipa. Katiba yao ilisema kura ni kwa karatasi, na katibu alikuwa ameshakata vikaratasi na kutoboa mkebe wa mafuta ya Kimbo.

DO akauona ule mkebe. Sisi tulidhani ameshaondoka. Kumbe alikuwa amebaki kwa ajili ya nyama.

"Huu ni nini?"

Katibu akaeleza.

DO akacheka, kwa upole kabisa. "Nyinyi ni watu wa kusoma. Nchi ina njia yake, ya wazi. Kwani mna nini cha kuficha?"

Hakuna aliyekuwa na kitu cha kuficha. Tukatoka nje, watu wazima, wengine na digrii tatu tatu, tukapanga mlolongo kwenye nyasi.

Profesa Masika akasimama karibu na ua wa michongoma. Daktari Nyaboke akasimama karibu na bomba la maji. DO akaletewa kiti katikati, akaketi.

Hedimasta alinishika bega. Akasema kwa sauti ya chini, bila ukali, "Mwalimu, Profesa akishinda atanichukua kwenye kamati. Unajua." Akagusa koti pale upande wa kifua, mahali bahasha ilipokuwa. Sijui kama aliligusa makusudi. Mpaka leo sijui. Halafu akaenda akasimama wa tatu nyuma ya Profesa.

Na mimi nikabaki katikati ya nyasi na viatu vyake.

Nilitaka Daktari ashinde. Hilo halikuwa na mjadala. Na nilitaka ile bahasha. Hilo pia halikuwa na mjadala.

Nikaangalia foleni ya Daktari. Ilikuwa inakua haraka, inapita birika la chai, inafika kibanda cha ng'ombe. Mkia wake ulikuwa umeanza kukata kona, unaingia nyuma ya ule ukuta wa mbao.

Nikaona mwanga.

Nilijifanya naenda haja. Vyoo vilikuwa upande huo huo. Nikazunguka kibanda kwa nyuma, nikajiunga na mkia, pale ambapo hakuna anayeniona. Nimempa daktari kura, hedimasta hajui, bahasha iko salama. Nilijiona nina akili kuliko mtu yeyote Uasin Gishu nzima.

Shida ni kwamba hiyo akili haikuwa yangu peke yangu.

Nyuma ya ukuta tulikuwa tisa. Wahadhiri wawili wa mkataba, walimu, UT wengine, na jamaa mmoja aliyekuwa amevaa beji ya chama kwenye kola na ameifunika kwa mkono. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Ng'ombe mmoja alikuwa anatutazama kutoka ndani akitafuna, na yeye ndiye aliyekuwa na uso mtulivu kuliko wote.

"Mvua itanyesha," mmoja akasema.

"Itanyesha," mwingine akajibu.

Hayo ndiyo mazungumzo yote.

DO akaanza kuhesabu bila kuinuka kwenye kiti. Akanyooshea kifimbo foleni ya Profesa, mpaka thelathini na nne. Akageukia ya Daktari. Ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa. Akafika kwenye kona ya kibanda, akaacha.

"Ishirini na tisa."

Piga hesabu, wakuu. Ishirini na tisa na sisi tisa.

Watu wa mbele wakaanza kunung'unika. Nikasikia sauti ya Mzee Hirsi, aliyekuwa wa nne nyuma ya Daktari, wazi kabisa, kofia yake nyeupe kichwani.

"Mheshimiwa, foleni inaendelea nyuma ya kibanda."

"Mimi nahesabu ninachoona," DO akasema. "Lakini mimi si mtu mbaya. Kama kuna watu huko, watoke nje niwahesabu. Nangoja."

Hakuna aliyetoka.

Bomba la maji lilikuwa linadondosha matone. Mzee Hirsi akatoka kwenye nafasi yake, akaja mpaka kwenye kona, akatuona. Wote tisa. Macho yake yakafika kwangu.

"Ni hatua tatu tu," akatuambia. "Tokeni mhesabiwe."

Jamaa wa beji akaangalia chini. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka kona. Kwenye ufa wa mbao niliweza kumwona Daktari Nyaboke mbele kabisa. Hakuwa amegeuka. Alikuwa amesimama ameshika ile paper yake, yenye jina langu pembeni, akingoja.

Nilijiambia akitoka mmoja, nitatoka. Nadhani kila mmoja alijiambia hivyo hivyo.

DO akainuka. "Thelathini na nne kwa ishirini na tisa. Profesa, hongera."

Makofi. Na sisi tisa, Mungu atusamehe, tulipiga makofi pia, huko nyuma ya ukuta.

Daktari alimpa Profesa mkono. Akaaga watu. Aliponipita pale kwenye birika alisema, "Mwalimu Ndirangu, asante kwa ng'ombe wako," akaingia kwenye gari. Hakujua nilikuwa wapi. Hilo ndilo lilinikata.

Lakini nikajifariji, angalau bahasha.

Nilimkuta hedimasta karibu na pickup. Alikuwa na furaha, amewekwa kwenye kamati tayari. Nikasimama nikingoja. Akatoa bahasha, akaigeuza geuza.

"Haukusimama kwa Profesa."

"Nilienda haja, mwalimu. Nilichelewa."

Akaangalia chini. Akaendelea kuangalia chini mpaka na mimi nikaangalia.

"Mwalimu," akasema, "viatu vyangu navijua."

Ule ukuta, wakuu. Futi moja. Uwanja mzima ulikuwa umeona jozi tisa za viatu zimejipanga kama dukani, na ya tatu ilikuwa ya kahawia, imeshonwa na uzi mweupe. DO alituona. Profesa alituona. Kila mtu alijua tupo, na wote waliacha tuhesabiwe kama hatupo, kwa sababu sisi wenyewe ndivyo tulivyotaka.



"Ungekuja kwangu ningekupa hii," hedimasta akasema. "Ungesimama kwa Daktari mbele yangu ningekasirika wiki mbili, halafu ningekupa. Lakini ujifiche na viatu vyangu? Nitamwandikia nini mkuu wa chuo? Kwamba wewe ni mtu wa namna gani?"

Hakupandisha sauti. Akarudisha bahasha mfukoni, akafunga kifungo.

"Utarudi na mikebe?"

Nikamwambia nitabaki mjini kidogo. Nikavua viatu pale pale, nikatoa lile gazeti, nikamrudishia. Akavipokea. Akaniangalia nimesimama kwenye matope na soksi, nikadhani anataka kusema kitu, lakini dereva akapiga honi.

Nilitembea kuelekea mjini na soksi. Karibu na njia panda pickup nyingine ikasimama, ya Mzee Hirsi. Akafungua mlango bila kuuliza. Tulienda mpaka taa za mji zikaanza kuonekana.

Nikamwambia, "Mzee, wewe haukuogopa."

Akacheka. "Mimi nitamwogopa nani? Duka ni langu, lori ni langu. Ningekuwa na bosi, pengine ungenikuta huko nyuma nawe, nikiongea na ng'ombe." Halafu akaongeza, "Lakini lile swali lako la jembe lilikuwa zuri. Hiyo hauna haja ya kuificha."

Jumatatu nilianza kazi kwake, karani wa lori, njia ya Lodwar. Kutoka hapo ndipo miguu yangu ilianza kutembea na haijaacha. Nimeona Moyale, nimeona Juba, nimeona mahali chumvi inachimbwa kwa mikono. Silalamiki. Chuo sikwenda. Cheti changu ni kile kile cha sekondari na sasa niko na miaka hamsini na kitu.

Mwaka uliofuata Mzee Hirsi alinipa kijitabu kilichokuja kwa posta, cha wanachama. Paper ya Daktari Nyaboke ilikuwa ndani. Chini kabisa ya ukurasa mmoja, kwa herufi ndogo, alikuwa ameandika kwamba maelezo ya kugeuza ng'ombe amepewa na Mwalimu Ndirangu wa Timboroa. Ninacho bado. Kimeliwa na panya upande mmoja lakini jina liko.

Somo nililopata? Nilikuwa nafikiri nilimdanganya hedimasta. Kumbe mtu pekee aliyedanganyika pale alikuwa Daktari, ambaye alikuwa mbele na hakugeuka. Wengine wote walikuwa wanaangalia miguu yetu.

Nikipewa ile Jumamosi tena, sisemi nitakuwa shujaa. Nasema tu zile hatua tatu ningezipiga, hata na viatu vikinivuka.

Sasa wakuu, uwanja ni wenu. Mliokuwa mnajua mlolongo, mlisimama wapi? Na kama kuna mmoja wa wale wanane anasoma hapa, jitokeze hapo chini. Hatujawahi kujuana majina. Mimi ndiye nilikuwa wa tatu kutoka kona, viatu vya kahawia.